Kilo ya Gunia

Mdogo wangu Skola,

Barua hii ningekuandikia wewe peke yako kama simu yako ingepatikana. Tangu ulipopanda ndege haipatikani. Nikipiga, yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwa sauti yake isiyo na haraka, naye hajui anachonizuia kusema. Kiongozi wa timu yenu hapokei namba asiyoijua. Kwa hiyo naiandika wazi, naiweka kwenye makundi yote ya judo ninayoyajua na yale anayoyajua Mwalimu Hyera, na ninamwomba yeyote aliye hoteli moja na wewe akusomee. Kama kuna mambo ya ndani ya nyumba yetu yatakayotoka nje, yatoke. Sina nafasi ya kuona aibu leo.

Jambo lenyewe nalitanguliza. Mizani ya kahawa ilitudanganya. Siku ile uliposhuka kutoka juu yake ukicheka, ukidhani umefika kilo arobaini na nane, ulikuwa bado umezidi kilo nzima. Nimehakikisha kwa macho yangu na nitakueleza ilivyotokea. Ningeweza kuishia hapa nikakuachia salamu za mama, lakini nakujua. Ukiambiwa umezidi hutasema basi. Utatafuta pa kuikatia hiyo kilo, na mwili wako hauna tena pa kukatwa. Ndiyo maana naendelea kuandika.

Unakumbuka mchezo wetu wa Ngumbo, likizo zile tulipokuwa tunapelekwa kwa bibi? Sisi watoto wa milimani tulikuwa tunatoka Mbinga na masweta yetu, tunafika ziwani joto linatupokea kama mtu amefungua mlango wa jiko. Watoto wa kule walituona washamba wa maji. Mchezo ulikuwa wa kuzamishana: mwenzako anakushika kichwa chini ya maji, ukichoka unamgonga mara mbili popote mkono utakapomfikia, naye anakuachia hapo hapo. Mimi nilikuwa nagonga kabla hata nywele hazijalowa, wakanicheka mpaka nikazoea. Wewe hukuwahi kugonga.

Siku ile zamu ilikuwa ya Kasto, mtoto wa mjomba. Alikushika kichwa, akawa anaangalia mbele, anasubiri. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na mbali wale wadudu wadogo wanaozaliwa majini walikuwa wamepanda angani kama moshi wa shamba linaloungua. Nilikuwa nimesimama maji ya kiunoni, namwangalia Kasto, nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu mabega yako yalikuwa yameacha kusukuma. Tulikuvuta wote wawili. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mama alikuja mbio, kanga moja inaburuzika, akakulaza kifudifudi akakupiga mgongo mpaka maji yakatoka. Neno lako la kwanza, kabla hata ya kulia, lilikuwa, "Bado naweza."

Kasto alilia kuliko sisi wote. Alikuwa anarudia tu kwamba hukumgonga, kwamba alikuwa anasubiri umgonge. Hakuna aliyemchapa. Mpaka leo akikutaja hucheka kidogo halafu hubadilisha mazungumzo.

Labda ndiyo sababu nilifurahi Mwalimu Hyera alipoanza kufundisha judo kwenye ile ghala kuukuu ya kahawa. Alikuwa amejifunza judo jeshini, akastaafu nayo. Mikeka hatukuwa nayo, tukajaza makapi ya kahawa kwenye magunia, tukayatandaza, tukavuta turubai juu yake. Tulikuwa tunarudi nyumbani tunanuka kama kiwanda cha kukobolea. Jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa kuanguka. La pili lilikuwa kugonga: ukikabwa shingo, au mkono wako ukikunjwa kwenye kiwiko, unagonga mara mbili, mwenzako anaachia. Nilikuangalia siku hiyo nikasema moyoni, Mungu ametuletea mtu wa kumfundisha huyu mtoto kitu alichokikataa ziwani.

Ulijifunza kila kitu isipokuwa hicho. Mimi ndiye niliyekuwa mwenzako wa kuangushwa, kwa sababu wasichana wengine walikuwa wanakuogopa, na mgongo wangu unayajua yale magunia kuliko godoro langu. Ukinikaba nagonga. Nikikukaba, ananiachisha Mwalimu. "Wewe Skola una kiburi," alikuwa anakuambia. "Mwenzako anakuamini useme imetosha. Usiposema, unamfanya muuaji." Ulikuwa unainama kwa heshima ile ya judo, unasema, "Ndiyo, Mwalimu," na kesho yake ni yale yale. Tulikuwa tunakusifia. Tulikiita roho ngumu.

Halafu ukachaguliwa timu ya taifa. Mama mpaka leo haelewi vizuri umechaguliwa kwenda wapi, lakini ile jioni ulipomweleza hataisahau. Ulichukua ungo wa maharage ukampangia. Hawa ni wanawake wa kilo arobaini na nane kushuka chini, hawa hamsini na mbili, hawa hamsini na saba, na kuendelea mpaka wale wakubwa. Kila mmoja na kundi lake. Ukampangia na droo: wawili wawili, anayeshindwa mwanzoni anarudi nyumbani, lakini ukishindwa kwenye robo fainali kuna mlango wa nyuma, unaweza kurudi ukapigania shaba, na shaba ziko mbili. Ukamwambia kuwa kila mashindano yana pointi, na pointi zinakupandisha kwenye orodha ya dunia, na mwenye orodha nzuri ndiye anayefikiriwa kwenda Olimpiki.

"Kwa hiyo mnapangwa madaraja kama kahawa," mama akasema.

"Eee mama. Kama kahawa."

"Na mkilingana? Hakuna aliyemwangusha mwenzake?"

Ukamwambia dakika nne zikiisha mkiwa sawa, saa inaanza upya, na safari hii haina mwisho. Mnapigana mpaka mmoja apate. Inaweza kuwa sekunde chache, inaweza kuwa muda mrefu kuliko pambano lenyewe. Mama aliacha kuchambua maharage.

"Haina mwisho kabisa? Hata mtu akichoka?"

"Mtu akichoka ndiyo anashindwa, mama."

Akasogeza ungo pembeni. Baadaye, ulipotoka, aliniuliza kama kuna mtu anayewaangalia huko. Nikamwambia wapo madaktari, wapo waamuzi, kila kitu kimepangwa. Na ni kweli kimepangwa. Hata judogi, lile vazi la kupigania, inapimwa urefu wa mkono na upana wa suruali, inatazamwa lebo, mgongoni lazima kiwepo kile kitambaa chenye jina lako na herufi za nchi. Ile niliyokushonea mimi, ya kwanza kabisa, waliikataa mlangoni kwa sababu haikuwa na lebo yao. Wanaangalia kila kitu, Skola, isipokuwa mtu alivyoipata hiyo kilo aliyopimia. Ukipanda juu ya mizani na namba ikawa sawa, wanakuandika na kumwita anayefuata.

Kosa halikuanzia kwako, na hilo nataka walisome wote. Mwili wako ni wa hamsini na mbili. Mimi fundi cherehani nakujua kwa futi yangu kuliko daktari yeyote. Lakini hamsini na mbili kulikuwa na mwenyewe tayari, na nchi ilikuwa inapeleka mtu mmoja kwa kila uzito, wakakuambia kama unataka kusafiri, nafasi iko arobaini na nane. Ukasema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza. Tangu hapo mkanda wako wa judo unazunguka kiuno mara mbili na ncha zake zinafika magotini.

Nilikuona Dar es Salaam mwaka jana, kwenye yale mashindano uliyonilipia nauli nikuangalie. Tulilala chumba kimoja. Ulikuwa umezidi kidogo tu, nusu kilo, ukasema hilo ni jambo la mchana mmoja. Ukavaa lile koti la mvua la nailoni, la bluu, nililokushonea kwa ajili ya kusubiria basi pale Kitai. Juu yake sweta. Juu yake judogi, ili jasho litoke na uzito upungue. Ukawa unapanda na kushuka ngazi za hoteli, jua la Dar linawaka, huku umeshika chupa ya kutemea mate. Kila tone lilikuwa na hesabu yake. Uliporudi chumbani jasho lilikuwa limekwisha. Hilo ndilo lililonitisha, ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Ukaingia bafuni, nikasikia kitu kimeanguka.

Nilikukuta sakafuni macho yako wazi. Niliweka sikio kifuani kwako. Moyo ulikuwa unapiga, unasita, halafu unapiga mara nyingi kwa haraka kama unafidia, halafu unasita tena. Skola, mimi kule kusita kwa moyo wako bado nakusikia nikiwa kwenye cherehani, mashine ikinyamaza. Nilipotaka kuita watu ulinishika mkono, midomo imekupasuka, ukasema maneno yale yale ya Ngumbo. "Bado naweza. Dada, usimwambie mama." Ukapimwa. Ukashinda. Wakakubeba juu juu, na mimi nikapiga makofi pamoja nao. Mama nimemwambia leo asubuhi.

Sasa ile mizani. Wasioijua Mbinga watashangaa kwa nini tulikupima huko. Ulikuja kuaga, umetoka kambini, umeambiwa mtakutana na wenzako uwanja wa ndege siku yenyewe ya safari. Ulitaka kujua umefika wapi. Mizani ya zahanati huiamini, kila ukipanda inasema lake. Lakini mizani ya chama cha ushirika, ile ya kupokelea kahawa, hiyo kila mtu huku anaiamini, maana jasho lote la mwaka linapita juu yake. Ndipo ukasema twende kwa baba mdogo Otmari, yeye ndiye anayepima.

Msimu ulikuwa umeshaanza, watu wamejaa na magunia yao. "Shikamoo baba mdogo, naomba unipime na mimi," ukasema, na watu wakacheka. "Marahaba. Panda, tuone kama wewe ni daraja la kwanza," akasema. Ukavua viatu ukapanda. Mshale ukacheza, ukatulia, naye akasoma kwa ile sauti yake ya kusomea kahawa, ndefu, mpaka walio nje wakasikia: arobaini na nane kamili. Uliruka chini ukamkumbatia. Wale wazee walipiga makofi kama umeshatwaa medali. Siku hiyo ulikula. Mama alikuwa ameletewa samaki mbasa kutoka ziwani, akaupika ule mchuzi wake, na wewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi uliomba ugali wa kuongeza. Ukanywa maji ukasema, "Kumbe maji matamu hivi." Tulicheka wote. Ninakikumbuka kile kikombe cha maji mkononi mwako na roho inanipasuka.

Juzi nilipeleka kahawa ya mama. Nilikuwa wa kwanza asubuhi, kwa hiyo nilimkuta baba mdogo akiitayarisha mizani. Alichukua gunia tupu la katani akaliweka juu, mshale ukapanda kidogo, akazungusha ile skrubu ya pembeni mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri. Akalitoa gunia akaliweka pembeni. Nilikuwa naangalia tu, mawazo yako mbali, halafu nikaona mshale, mizani ikiwa tupu, umesimama chini ya sifuri.

"Baba mdogo, mbona imeshuka hivyo?"

"Hiyo ni ya gunia, mwanangu. Lazima tutoe uzito wa gunia, ibaki kahawa peke yake. Kila asubuhi tunafanya."

"Na siku ile Skola alipopanda?"

Alinitazama. Niliona anavyoitafuta ile siku kichwani mwake. Mizani ile haijawahi kupima kitu ambacho hakimo ndani ya gunia, toka ilipoletwa, na mikono yake ilishazoea hivyo. Alikaa chini juu ya gunia la mtu. "Mungu wangu," akasema, "nimemtolea mtoto gunia ambalo hakulivaa." Nikavua viatu nikapanda mwenyewe, kisha nikaenda zahanati, kisha kwa yule muuza nyama mwenye mizani mpya ya umeme. Kote huko uzito wangu ulizidi kwa kilo moja ule niliousoma kwenye mizani ya chama. 

Mwalimu Hyera nilimfuata nyumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Nilimwuliza nini kitatokea usipofikisha. Akasema jina lako linafutwa kwenye droo, wewe unakaa jukwaani unaangalia, na timu ikirudi nchini, safari nyingine wanampa mwingine. Pengine usiitwe tena. Sikufichi hilo, Skola, kwa sababu najua ndilo utakalolifikiria kwanza. Nikamwuliza je, akiikata hiyo kilo?  Akasema mtu mwenye nyama na mafuta anaikata kwa usiku mmoja, anaamka na njaa tu. "Lakini Skola ameshakata kila kilichokuwepo. Sasa kilichobaki ni maji ya damu." Kisha akaniuliza kama nimeshakupigia.

Nilikuwa nimefikia hapa kuandika, nataka kumalizia kwa kukuomba uende kwenye mizani ya majaribio kabla ya upimaji rasmi wa kesho jioni ili ujue mapema. Nikafungua kundi la wanajudo kuangalia kama kuna namba mpya ya mtu wa timu. Nimekuta picha. Mwenzako mmoja ameiweka leo mchana. Mko kwenye korido ya hoteli, taa zinawaka, wenzako wamevaa fulana. Wewe uko nyuma yao, umeegemea ukuta, umeinua kidole gumba, unacheka. Wameandika chini kwamba simba jike yuko tayari.

Umevaa koti la bluu la nailoni. Kofia yake imefungwa chini ya kidevu, na mkononi una chupa.

Nilidhani nakuletea habari. Kumbe umeshazipata. Umeshapanda kwenye mizani yao peke yako, ukaona, ukashuka, hukumwambia mtu, ukaenda kufungua begi. Nimeikuza picha mpaka ikavunjika vunjika nikitafuta kama una jasho usoni. Huna. Uso wako ni mkavu, mdogo wangu, na wenzako wote wamekupa mgongo.

Mama yuko nje anageuza kahawa kwenye vichanja. Kila akifika mwisho wa kichanja ananitazama dirishani kuona kama simu imeita. Baba mdogo Otmari ameketi kwenye ngazi, amekataa chai.

Sasa nasema na yule aliye karibu yake, yeyote, wa nchi yoyote, hata yule wa kupigana naye keshokutwa. Mtafute msichana mwenye koti la bluu. Mfungue hiyo kofia. Mpe maji. Atakuambia bado anaweza, atakuambia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza chake cha shida, kwa tabasamu. Usimsikilize. Mshike mkono, na ukiukuta mkavu na wa moto, ita daktari. Akilaumu, mwambie ni dada yake aliyesema. Jina lake lifutwe. Nchi ikasirike. Nitamshonea judogi nyingine, na safari ijayo apigane na miili ya kadiri yake, au asipigane tena kabisa, akae hapa tugombane juu ya nani achote maji.

Na wewe Skola, kama unasoma haya, hiyo kilo si yako. Ni ya gunia. Huna deni nayo. Usiifie.

Gonga. Mara mbili tu, popote mkono unapofika, ukutani, mlangoni, kwenye vigae vya bafu. Ngumbo hukugonga na tulikuwepo wa kukuona mabega yamenyamaza. Ghalani hukugonga na Mwalimu alikuwepo. Dar nilikuwepo mimi. Huko uliko wote wako kama Kasto, wameangalia mbele, wanasubiri ugonge, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba wewe hugongi.

Ni mimi dada yako,
yule wa kuangushwa.